Moto wa Mkate Si Moto wa Jibini

Tosti ya jibini huhukumiwa kwa sura: imeyeyuka, imepata madoadoa ya hudhurungi, basi imefaulu. Hukumu hiyo huacha nusu ya kazi bila kukaguliwa. Mkate na jibini havitaki joto moja, na ubora wa tosti hutegemea kila kimoja kupata moto wake. Uso wa mkate huanza kutoa rangi na harufu nzuri ya kuoka kwenye takriban nyuzi 140 za Selsiasi, nao haufiki huko kabla unyevu wake haujakauka. Jibini aina ya cheda hulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi 65 hivi. Ikikawia motoni, protini zake hukazana na kukamua maji na mafuta, ikabaki kitu cha kutafuna kama mpira. Anayeviweka motoni pamoja kuanzia mwanzo hujikuta ama na mkate uliolowa, ama na jibini iliyokauka.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie chini. Igeuze tosti: upande wa chini uwe umekolea rangi sawasawa hadi pembeni. Ivunje: ganda litoe mlio mkavu, na ndani mkate ubaki laini bila kuwa chepechepe pale unapokutana na jibini. Hapo ndipo mpishi mvivu hujulikana, kwa sababu mkate usiobanikwa upande wa juu kabla ya kuwekewa jibini hunyonya maji ya jibini hiyo. Kisha itazame jibini yenyewe. Ing'ae, itulie juu ya mkate, isizungukwe na kidimbwi cha mafuta. Iliyokwaruzwa huyeyuka haraka na kwa usawa kuliko kipande kinene, hivyo hukaa motoni kwa muda mfupi.

Wapo wanaoamini kwamba siri yote ni kununua jibini iliyokomaa. Ni kweli kwamba ukomavu huongeza ladha, lakini protini za jibini kuukuu zimekwisha kukatika-katika, nayo huachia mafuta upesi. Ni afadhali kuchanganya changa inayoyeyuka vizuri na kiasi kidogo cha komavu yenye ukali. Tosti mashuhuri ya Wales ina njia nyingine: cheda huyeyushwa kwa moto mdogo pamoja na bia, haradali na unga kidogo wa ngano, na wanga wa unga huzuia mafuta yasijitenge. Rojo hilo humwagwa juu ya mkate uliokwisha kubanikwa, kisha huonyeshwa moto wa juu kwa muda mfupi tu. Kila kimoja kimepikwa kwa moto wake.

Pingamizi kubwa ni sandwichi ya jibini ya Wamarekani, inayopikwa yote pamoja kikaangoni na bado ikawa tamu. Lakini itazame vizuri: mkate uliopakwa siagi ndio unaogusa chuma, nayo jibini imejificha katikati, ikipata joto polepole kupitia mkate. Moto umegawanywa vilevile. Na madoadoa ya hudhurungi juu ya jibini? Hayo ni mazuri yakitokana na moto mkali wa juu uliopita haraka, kwa kuwa huunguza ngozi tu na kuacha chini yake laini.

Asiye na oveni naye hana udhuru. Abanike mkate pande zote mbili kwenye kikaango kikavu, aweke jibini, afunike kwa mfuniko wa chuma na kupalia makaa juu yake, kama wapishi wa Pwani wanavyofanya kwa vitu vya kuoka. Kikaango kisiwe tena na moto mkali chini, na mfuniko uondolewe mara jibini inapolegea, kabla mvuke haujaulowesha mkate. Jibini ya kawaida kwenye mkate uliobanikwa hivyo itaishinda ya bei kubwa iliyowekwa juu ya mkate mbichi.