Fundi wa Bakapu Mpime Siku ya Kufuta

Kuhifadhi nakala hata programu peke yake inaweza. Ufundi wa mtu anayetunza seva ya bakapu huonekana pale nakala za zamani zinapofutwa: kazi imeanza saa nne usiku, na saa mbili asubuhi bado haijaisha.

Fundi wa kubahatisha huizima seva na kuiwasha tena, au huandika barua ya kuomba mashine mpya. Fundi hodari huanza kwa kuuliza ni faili ngapi zinazofutwa. Haulizi ukubwa, anauliza idadi. Kwenye mfumo wa faili wa ext4, faili moja kubwa hufutika upesi, lakini faili milioni 3 ndogondogo zitakukeshesha. Kila moja lazima jina lake liondolewe kwenye folda na inodi yake, yaani rekodi ya faili hiyo, irekebishwe, na inodi hizo zimetawanyika diski nzima. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humudu kama miruko 100 ya kichwa chake kwa sekunde. Kila faili ikidai mruko mmoja tu, hiyo ni zaidi ya saa nane.

Kwa watumiaji wa programu ya bakapu ya rsnapshot kuna jambo jingine. Faili isiyobadilika huhifadhiwa mara moja, kisha kila nakala huipa jina lake. Kwa hiyo mtu anaweza kufuta usiku kucha, atazame kwa amri ya df, akute nafasi haijaongezeka hata kidogo. Si hitilafu. Faili ile bado ina jina kwenye nakala ya jana, na data yake haiachiliwi mpaka jina la mwisho liondoke.

Mtazame fundi pia anavyosoma matokeo ya amri ya iostat -x. Macho yake yaende kwenye %util, yaani kiasi cha muda diski iko kazini, na kwenye r_await na w_await, yaani muda wa kusubiri. Diski ikiwa imebanwa karibu asilimia 100 huku megabaiti zinazoandikwa ni chache, ajue kichwa cha diski kinarukaruka. Aachane na prosesa na mtandao. Akikuta RAID 5, akumbuke kuwa andiko dogo moja huweza kuzaa kazi nne: kusoma data na pariti za zamani, kisha kuandika mpya.

Katika tiba, wapo wanaopanga faili kwa namba ya inodi kabla ya kuzifuta, kupunguza miruko. Ni mbinu safi. Mimi humpa alama nyingi zaidi aliyewasha use_lazy_deletes kwenye rsnapshot: nakala ya zamani hubadilishwa jina tu, bakapu ya usiku ikamilike, ndipo ufutaji ufuate. Kazi haipungui, ila haicheleweshi kilicho muhimu. Nisichoweza kukipitisha ni fundi kusimamisha bakapu kwa siku kadhaa ili ufutaji upate nafasi.

Na kabla hajagusa rm, mwambie akurejeshee faili moja kutoka nakala mpya kabisa, ifunguke mbele yako.