Kipanga Njia Kisichopanga Njia: Juu ya Majina ya Mitandao ya Kompyuta

Asubuhi pale Feri, samaki wanapopandishwa kutoka mashuani na kuingizwa mnadani, kazi huwa imekwisha kugawanywa kwa namna isiyohitaji maelezo. Dalali hutaja bei na kuamua fungu hili limekwenda kwa nani, hamali hubeba. Hamali hashindani na dalali juu ya bei, wala dalali hajitwishi tenga. Mnunuzi aghalabu hulipa kwa simu, na fedha zikikataa kwenda, mchuuzi, mama lishe na wakala wote wana neno moja: mtandao umekata.

Neno hilo ni ushindi wa lugha. Waingereza walilitoa la kwao katika wavu. Feri kuna nyavu za kila namna, jarife, juya na kimia, walakini Kiswahili hakikwenda huko. Kilishika mzizi wa tanda, ule ule unaozaa utando wa buibui na mtande wa mfumaji, yaani nyuzi za urefu zinazotandwa kabla mshindio haujapita. Muuza samaki hulisema bila kufundishwa, na maana yake haimpotezi.

Ndugu zake neno hilo hawakupata bahati hiyo. Kazi ya kusanifu maneno ina historia ndefu: Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la mwaka 1967. Kompyuta nazo zilipofika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya Kilinux, iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini maneno ya kazi ile yalikuwa ya mtu aliyeketi mbele ya kioo: faili, hariri, hifadhi. Neno baya hapo hukutana na mtumiaji kila siku, naye hulikataa. Ndivyo "ngamizi" ilivyokufa, na ndivyo "tarakilishi" inavyosomwa zaidi Kenya kuliko inavyosemwa Tanzania. Maneno ya mitambo ya mtandao hayana mahakama ya namna hiyo. Yamefungiwa vyumbani pamoja na mitambo yenyewe, na kosa laweza kukaa humo miaka mingi bila mtu kulishtaki.

Mfano ulio bora ni "kipanga njia". Neno limeundwa kwa ustadi: ki- ya chombo, kitenzi panga, na kitu kinachopangwa. Katika mitandao ya zamani lilisema kweli, maana kila chombo kilikuwa na kazi mbili ndani ya sanduku moja. Kilifikiri njia ipi ifuatwe, kwa kubadilishana habari na vyombo vya jirani. Kisha kikazipitisha pakiti kwa njia hiyo. Dalali na hamali walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 2008 Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitangaza utaratibu wa OpenFlow, ambao uliwatenganisha wawili hao. Uamuzi huondolewa katika sanduku na kupewa programu iliyomo katika kompyuta nyingine, inayoutazama mtandao mzima kwa pamoja. Sanduku hubakiwa na jedwali la kanuni. Pakiti ikifika, anwani zake hulinganishwa na jedwali. Kanuni ikipatikana, hupitishwa, au hugeuzwa, au hutupwa. Isipopatikana, sanduku laweza kuuliza juu, na programu ikateremsha kanuni mpya ili pakiti zifuatazo za namna ile zisihitaji kuuliza tena. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa kwa Kiswahili kwamba katika mtandao wa namna hii "kipanga njia hakipangi njia", ana haki ya kucheka. Kosa si lake. Jina lilifungwa kwenye kazi, na kazi imehama. "Ruta", neno la kukopwa ambalo wasanifu wengi hulidharau kwa kuwa halina mzizi, limenusurika kwa sababu hiyo hiyo: halikuahidi kitu.

Jina la utaratibu wenyewe limepata taabu zaidi. Tafsiri ya kufuata neno kwa neno hutoa "mtandao uliofafanuliwa na programu". Kufafanua, kwa Mswahili, ni kueleza jambo mpaka lieleweke. Mtandao uliofafanuliwa basi ni mtandao ulioelezwa vizuri, na huenda hata kitabu kikaufafanua. Kinachokusudiwa ni kwamba programu ndiyo inayoamua mtandao uwe na umbo gani na ufuate amri zipi. "Mtandao unaoongozwa na programu" hausemi yote, lakini hausemi uongo.

Kubwa kuliko hayo ni neno "pepe". Katika baruapepe limekubalika, na kwa haki, kwa kuwa msikilizaji huusikia upepo, na barua huonekana kama iliyopeperuka. Wasanifu wamelichukua wakalipeleka kwenye "mashine pepe" na "swichi pepe", yaani kompyuta na vyombo vya mtandao vinavyoundwa na programu ndani ya seva moja kubwa. Hapo upepo haupo. Kinachobaki masikioni ni pepe la mkulima: punje ya mpunga isiyo na kiini, inayorushwa na ungo.

Madhara yake si ya kamusi tu. Mashine hizo hufanya kazi ya kweli, hutunza hesabu na kupokea malipo. Zaidi ya hayo, mashine mbili zikiwa ndani ya seva moja, pakiti zinazopita kati yao zaweza kuishia humo humo, bila kugusa waya wo wote ambao mlinzi angeweka kizuizi. Lango pekee ni swichi ya programu, kama vile Open vSwitch, na hiyo ndiyo inayopokea kanuni kutoka kwa programu ongozi. Fundi aliyefundishwa kuiita pepe atafunga kwa kufuli chumba cha seva, kisha aache wazi mlango uliomo ndani yake, kwa kuwa jina limemwambia kwamba hapana mlango.

Kariakoo iko karibu na Feri, nayo ingeweza kutoa msaada. Nyumba ya Kiswahili ya mtaani ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Familia kadhaa zilikaa chini ya paa moja, kila moja na ufunguo wake, na wote walipita ukumbi mmoja. Hakuna aliyeita chumba chake nyumba pepe. Alijiita mpangaji, na aliyemiliki aliitwa mwenye nyumba. Hali ndiyo hiyo ndani ya seva. Hata wingi wa wapangaji umekuwa tatizo la mafundi: utaratibu wa zamani wa kutenga mitandao ulitumia namba ya biti 12, ukaruhusu vyumba 4,094 tu, ule wa VXLAN, uliochapishwa mwaka 2014, hutumia biti 24 na huruhusu takriban milioni 16.

"Mashine mpangaji" ingefaa, isipokuwa kwa jambo moja ambalo msanifu hana budi kulikabili. Kupanga ni kukodi chumba, na kupanga ni kuweka mambo katika utaratibu. Katika somo ambalo moyo wake ni nani hupanga njia, neno mpangaji litaleta ghasia lisipowekewa mpaka. Mpaka waweza kuwekwa kwa kuiita programu ya juu "kidhibiti", na kuliacha panga kabisa katika habari za njia. Kidhibiti nacho kina ukali kidogo, kwani hudhibitiwa wahalifu na magonjwa; hata hivyo kimeanza kuzoeleka, nacho chasema kweli kuhusu nani mwenye amri. Chombo cha chini kiitwe "kipitishi". Jina Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918, watu waliobeba mizigo kwa njia waliyochaguliwa na wengine. Mji huu haukukosa mfano wa kipitishi.

Limebaki jina la pakiti zinazofuatana zenye asili moja na mwisho mmoja, ambazo kila kanuni ya jedwali huzihusu. Wengi huandika "mtiririko". Mtiririko ni wa maji yo yote yanayoshuka, hata ya bomba bovu. Pale Feri, maji ya mlango wa bandari yanapoingia na kutoka, mabaharia huyaita mkondo, na mkondo una upande utokako na upande uendako. "Jedwali la mikondo" laeleweka kwa kusikika mara moja.