Hadithi ya Anayebeba

Mdogo wangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Wageni walipobisha hodi walimuuliza mama, "Mtoto hajambo?" na sote tulijua ni mtoto yupi. Nilikuwa na miaka tisa, na uji wake wa jioni ulikuwa zamu yangu. Kijiko unakiingiza kwa upande wa kulia, unangoja ameze, unamfuta udenda kwa pindo la kanga, ndipo unachota tena. Bakuli moja, nusu saa nzima. Nje wenzangu walikuwa wakipiga chandimu, na kila goli nililisikia.

Siku moja nilimwacha barazani nikaenda kucheza. Niliporudi alikuwa ameteleza kwenye mto wake, shavu liko sakafuni, sisimizi wameshaufikia uji uliomwagika. Wala hakulia. Nikamfuta, nikamkalisha, nikanyamaza.

Bibi alijua. Hakunigombeza. Usiku alisema "Paukwa," tukaitika "Pakawa," akatusimulia habari za watoto wawili. Mmoja hakuweza kutembea, na mwenzake alimbeba mgongoni kila aendako. Siku moja mbebaji akachoka, akamtua chini ya mbuyu, akakimbilia mtoni. Hapo mtoni bibi alikawia sana: maji yalivyokuwa baridi, mgongo ulivyokuwa mwepesi, mtoto alivyopiga mbizi na kucheka peke yake. Jua lilipozama alirudi, akamkuta mwenzake palepale, kibuyu cha ubuyu mkononi. "Umechelewa," akamwambia. "Hiki nimekuwekea." Bibi akaishia hapo, akazima taa. Nililia chini ya shuka, na nikapata usingizi mzuri.

Nilipoanza kuwaandikia watoto ndipo nilipouona ufundi wa bibi. Angetaka, angeweka zimwi mtoni limmeze mtoro. Mazimwi ya kazi hiyo tunayo ya kutosha. Yeye alimwachia mtoto raha yake yote bila kumdai chochote. Ndugu wa mtoto mwenye mahitaji maalumu ana mambo asiyothubutu kuyataja: wivu, aibu mbele ya wenzake, hasira, kisha majuto ya ile hasira. Ukimhubiria, anayafukia zaidi. Akiyakuta kwa mtu wa hadithini, anayatazama vizuri, na hakuna anayemlazimisha kusema kwamba ni yake.

Betsy Byars wa Marekani aliujua ufundi huo. Katika The Summer of the Swans, kitabu kilichopata Nishani ya Newbery mwaka 1971, Sara ana mdogo wake Charlie, asiyesema, ambaye hutulizwa na mlio wa saa yake ya mkononi. Sara anampenda na anachoshwa naye, na Byars hapunguzi upande wowote. Tena anamwacha Sara amchukie mvulana mmoja kwa kudhani aliiiba saa hiyo, kumbe siye. Anayelinda naye hukosea. Ni waandishi wachache wanaokumbuka hilo.

Cynthia Lord, mama wa mtoto mwenye usonji, aliulizwa na binti yake mbona haoni familia kama yao vitabuni. Mwaka 2006 akatoa Rules. Ndani yake Catherine anamwandikia mdogo wake David kanuni za kuishi na watu, na msomaji anang'amua polepole kwamba nyingine zinamkinga Catherine mwenyewe asiaibike. David naye hujieleza kwa maneno aliyoyakariri kutoka vitabu vya Arnold Lobel, na dada yake amejifunza kumjibu kwa maneno hayohayo ya kuazima. Kwangu mimi, kurasa hizo zinashinda semina nyingi nilizokaa.

Kwetu watoto wenye ulemavu wameanza kuwa mashujaa wa vitabu, na ni jambo la kushukuru. Lakini dada anayesukuma kiti cha magurudumu bado yuko ukingoni mwa picha, anatabasamu tu, kana kwamba hana mikono inayochoka. Halafu ukurasa wa mwisho unakuja na lile swali la darasani: hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto aliyetoroka barazani akiulizwa hivyo atajibu anachotaka mwalimu.

Basi wewe unayeandika, tuandikie hadithi ya huyo dada. Mpeleke mtoni, umwache aogelee mpaka atosheke. Na ukimrudisha chini ya mbuyu, usimuulize amejifunza nini.