Mchuzi Ulio Ndani ya Senene

Novemba mvua zikikolea, watu wa Bukoba na Muleba, Tanzania, huwasha taa kali usiku, panzi waitwao senene wakajigonga kwenye mabati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Wengi husimulia habari za mtego huo. Mimi nawasifu wanaokaa asubuhi na beseni mapajani, wakinyonyoa mabawa, miguu na vipapasio, mmoja baada ya mwingine, bila kuponda tumbo. Tumbo likipondeka, mafuta hupotea, na mafuta hayo ndiyo mchuzi wa senene.

Senene aliyekaushwa ni protini zaidi ya theluthi moja, na mafuta karibu nusu. Kwa hiyo mpishi hodari hamimini mafuta mengine. Huwatia senene wabichi kwenye sufuria juu ya moto mdogo, maji yao yakauke kwanza, ndipo mafuta yajitoe. Kitunguu kidogo, chumvi kidogo, na mwiko usiotulia. Zaidi ya hapo husikiliza: kuchemka kukigeuka mlio mkavu wa kukatika-katika, anaepua. Na wenye ufundi huu tangu zamani ni wanawake wa Kihaya wa huko, ambao mila iliwaruhusu kuokota na kupika, ikawanyima kula. Ni jambo jema kwamba leo wanakula.

Iko pia njia nyingine ya kupika panzi: huko Nagano, Japani, mbali na bahari, wanavijiji hukamata panzi wa mashamba ya mpunga, inago, wakawachemsha kwa sosi ya soya na sukari mpaka wang'ae. Inago hana mafuta mengi, basi ladha huletwa na sosi: soya na ngano zilizooteshwa ukungu wa koji, zikaachwa miezi mingi katika maji ya chumvi hadi protini zimeng'enyeke na kutoa utamu unaofanana na wa nyama. Nao ni ufundi mkubwa wa kusubiri.

Sosi hiyo yaweza kumfaa senene wa kukaushwa, aliyekaa wiki kadhaa kwenye pakiti. Mpashe moto taratibu, na mwishoni tia matone machache badala ya chumvi, kamwe si pamoja nayo. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban miligramu 900 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku. Weka pembeni ndizi za kuchemsha, zinapokea chumvi hiyo vizuri. Senene wa asubuhi hiyo hiyo nisingewatia hata tone.