Daktari Kijana na Haya ya Mapenzi katika The River and the Source

Wahakiki wa The River and the Source (1994), riwaya ya Margaret Ogola iliyotunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995, wamejishughulisha mno na Akoko na wanawake wa ukoo wake. Si vibaya. Hata hivyo, mkazo huo umemweka pembeni Aoro Sigu, kitukuu cha Akoko, ambaye uchumba wake ni miongoni mwa sehemu zenye ucheshi mwingi katika riwaya hiyo.

Aoro, aliyekuwa mtoto mtukutu, anaingia katika masomo ya udaktari akiwa na majivuno ya kutosha watu wawili. Katika mtihani wa anatomia anashindwa na msichana, Wandia Mugo. Hicho ndicho kiini cha kichekesho: kijana anaumwa na kushindwa kabla hajatambua kwamba anaumwa na jambo jingine. Anaujua moyo kwa vyumba na mishipa yake, lakini wake mwenyewe unamshinda.

Katika fasihi ya Kiswahili, mchumba mwenye haya huwa na pa kujificha. Mshenga humsemea, shairi na leso hubeba neno ambalo ulimi umelikataa. Hata Dennis wa "Mapenzi ya Kifaurongo", hadithi ya Kenna Wasike katika Tumbo Lisiloshiba (2016), hahitaji kutongoza, kwani Penina ndiye anayemjia na kuyatamka mapenzi. Aoro hana kinga hiyo. Taaluma yake inamfunza kumwuliza mgonjwa asiyemjua maswali ambayo hata mama mzazi huyaonea aibu, kisha mbele ya msichana wa darasa lake ujasiri huo unamtoka. Yamkini hakuna kazi nyingine inayomfaa zaidi mtunzi wa vichekesho vya mapenzi, na ni ajabu kwamba watunzi wa Kiswahili wameitumia kwa nadra.

Kwa msomaji wa Eldoret, mji ambao Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifunza madaktari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kicheko hiki kina uzito mwingine. Aoro ni Mjaluo, Wandia ni Mkikuyu. Riwaya ilitoka miaka miwili baada ya ghasia za kikabila za Burnt Forest za 1992. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Ogola haihubiri ndoa ya makabila mawili. Anamtanguliza mwanamume aliyenyang'anywa nafasi ya kwanza, na mtu aliyekwisha kuchekwa namna hiyo hana tena kimo cha kumdharau mwenzake kwa sababu ya kabila. Fani hapa inatenda kazi ambayo hotuba isingeiweza.

Kasoro ipo. Ogola, aliyekuwa mwenyewe daktari wa watoto, analiharakisha tukio hili kwa kasi ya tarikhi, kwa kuwa vizazi vingine vinamngojea. Haya ya Aoro inatatuliwa mapema, pengine kabla msomaji hajashiba. Wandia anapofikia shahada ya uzamifu katika patholojia, mafanikio yake yanasimuliwa kwa taadhima tupu. Yule msichana aliyemzima Aoro mtihanini ameachwa nyuma huko maabara.