Beseni la Wanga

Wanga wa muhogo na maji, vikichanganywa kwa kipimo chake, hutoa kitu kisichotaka kuharakishwa. Kitie mkono polepole, mkono unazama mpaka kwenye kifundo. Kipige ngumi, ngumi inagota. Chota konzi moja uifinyange, inakuwa donge kavu linalopasuka. Acha kufinyanga, donge linalegea na kuchuruzika kati ya vidole. Mtoto wa Kisangani akiona hivyo kwa mara ya kwanza haombi maelezo. Anarudia, kisha anarudia tena, halafu ndipo anauliza: «Mama, juu ya nini inakuwa nguvu?»

Naisifu kazi hii kwa sababu swali hilo huanzia mkononi. Naisifu pia kwa sababu yote inayohitaji yako jikoni mwetu, katika mtaa wa Mangobo kama wa Lubunga.

Kwanza wanga wenyewe. Chagua muhogo mtamu, umenye, uoshe, kisha uukune kwenye bati lililotobolewa kwa misumari. Mimina maji, fikicha kwa nguvu, chuja kwa kitambaa. Machicha yanabaki kitambaani, na beseni linajaa maji meupe. Sasa subiri. Chembe za wanga ni nzito kuliko maji kama mara moja na nusu, kwa hiyo zinashuka zenyewe, na baada ya saa kadhaa kuna tabaka jeupe chini na maji ya kumwaga juu. Weka maji mapya, koroga, acha yatulie tena. Mama zetu hufanya hayo bila kuyapa jina, ilhali kuchuja, kutuliza mashapo na kuosha ni hatua zilezile za maabara za Chuo Kikuu cha Kisangani.

Kule kuosha si kwa ajili ya weupe tu. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayozalisha sianidi mzizi unapokunwa au kupondwa, na sehemu kubwa ya sumu hiyo huyeyuka na kuondoka na maji yanayomwagwa. Ndiyo maana muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuwa bugari. Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alieleza ugonjwa uitwao konzo, uliokuwa ukilemaza miguu ya watu wa eneo la Kwango; leo unahusishwa na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwa watu wenye upungufu wa protini. Waambieni watoto hilo waziwazi, na msiwaache waonje muhogo mbichi wala maji yake.

Ulaya na Marekani watoto hucheza na ute uitwao slaimu. Kampuni ya Mattel iliuuza ndani ya vikopo kuanzia mwaka 1976. Siku hizi wengi huutengeneza nyumbani kwa gundi na boraksi. Ni kemia nzuri: boraksi hushika minyororo mirefu ya gundi na kuifunga pamoja, na kilichotiririka kinaanza kuvutika. Lakini boraksi ina madhara ikimezwa, nami singependa kuiweka mbele ya mtoto wa miaka minne. Beseni la muhogo si mbadala wa maskini. Kwangu ni somo kubwa zaidi, kwa kuwa halina cha kuficha: ni chembe na maji basi.

Kausha tabaka lako la wanga juani, lisage, kisha chukua vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Maji yaingie kidogo kidogo, kwani tone la ziada linaharibu kila kitu na tone pungufu linaacha vumbi. Hapo vidole huamua kuliko kikombe.

Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alifikiri kwamba ukinzani wa kimiminika hukua sawasawa na kasi ya kukisukuma. Maji hutii, mafuta ya mawese yaliyopashwa moto hutii, wanga hautii. Ukitulia, kila chembe imezungukwa na maji na zinapishana kwa amani. Ukiupiga, maji hayapati muda wa kukimbia, chembe zinagusana na kukwaruzana, zinakwama. Mwaka 2012 Scott Waitukaitis na Heinrich Jaeger wa Chicago waliupiga mchanganyiko kama huo, wa wanga wa mahindi, kwa fimbo ya aluminiamu, wakaona sehemu iliyo chini ya fimbo ikigeuka yabisi na ugumu huo ukisambaa mbele kwa kasi. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia juu ya dimbwi la wanga, na akisimama anazama.

Jirani wa jambo hili yuko mtoni. Maji ya Kongo yanapopungua, kanyaga mchanga uliolowa: unaonekana kukauka ghafla kuzunguka mguu. Osborne Reynolds alieleza sababu yake mwaka 1885. Chembe zikikandamizwa hulazimika kuachana kidogo ili zipishane, na maji ya juu hunyonywa kujaza nafasi mpya. Mpeleke mtoto pale kabla hujamwambia lolote.

Kisha rudi jikoni na uwashe mkaa. Chukua wanga kidogo, maji mengi, koroga juu ya moto. Kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 chembe hunywa maji, huvimba, hupasuka; minyororo iliyokuwa imekunjwa ndani inatoka na kusokotana. Weupe unageuka kuwa uangavu, na sasa ni ute wa kweli, unaovutika. Huu hauwezi kurudi kuwa unga uleule. Ule wa beseni unaweza. Mtoto aliyegusa vyote viwili ameshika mkononi tofauti ambayo vitabu huichukulia ukurasa mzima wa Kifaransa.

Tangu shule za msingi za serikali hapa Kongo-Kinshasa zilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu mara nyingi hana hata chupa ya kupimia. Namwomba ajaribu beseni moja kwa kila kundi la watoto, na awaachie maswali kwa Kiswahili au Lingala kama yanavyokuja. Asikimbilie kujibu.

Mkimaliza, msiumwage wanga wa beseni mtaroni, ukituama utauziba. Uanikeni juani, ukirudi unga mwanzisheni mchezo upya siku nyingine. Na ute ule uliopikwa, uongezeni maji, mtie mashati meupe ya shule kabla ya pasi.