Ufundi wa Kukaa na Pengo

Mnamo Januari 2013, wasomaji wa gazeti la Guardian la Uingereza walifungua ukurasa wa fumbo la maneno wakakuta ujumbe mfupi. Mtunzi wao mpendwa, aliyejiita Araucaria, aliwaarifu kwamba ana kitu fulani, mahali fulani mwilini, na kwamba kinatibiwa kwa namna fulani. Mambo yenyewe hakuyataja. Aliwapa namba za visanduku tu, na aliyetaka habari ilimbidi aitafute. Neno la kwanza lilikuwa la herufi sita, la pili la herufi kumi. Wakajaza herufi moja baada ya nyingine mpaka wakajikuta wameandika kwa mikono yao wenyewe CANCER, kisha OESOPHAGUS, kisha PALLIATIVE CARE. Mzee wao alikuwa na saratani ya umio, na tiba aliyobaki nayo ilikuwa ya kumpunguzia maumivu. Kwingineko katika fumbo lile walimkuta muuguzi, wakayakuta na machweo ya jua.

Nimesoma tanzia na wasia wa watu wengi, lakini sijui mwandishi aliyewaaga wasomaji wake kwa heshima kuliko hiyo. Aliwaamini. Alijua kwamba habari anayoitafuta mtu mwenyewe, herufi kwa herufi, humwingia moyoni kwa mlango ambao habari ya kutupiwa haiujui. Alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 92.

Jina lake halisi lilikuwa John Galbraith Graham, kasisi wa Kianglikana. Fumbo lake la kwanza katika gazeti hilo lilitoka mwaka 1958. Ndoa yake ilipovunjika na kazi ya kanisa ikamtoka, mafumbo ndiyo yaliyomlisha. Krismasi moja alichukua mistari ya mwanzo ya wimbo wa kanisani unaowahusu wachungaji waliolinda kondoo usiku, akazipangua herufi zake zote, akazipanga upya zikawa kauli nyingine kamili kuhusu kuzaliwa kwa mtoto yuleyule, bila herufi kuzidi wala kupungua. Mtu hafiki hapo kwa haraka. Anafika kwa kukaa na herufi mpaka zimzoee.

Kukaa huko nilikuona mara ya kwanza Mombasa, barazani kwetu. Alikuwepo jirani mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye kila baada ya alasiri alikuja na gazeti lake amelikunja mara nne, kurasa nyingine zote zimefichwa, fumbo peke yake ndilo linaloonekana. Kalamu yake ya risasi aliichonga kwa wembe. Kifutio alikitoboa akakifunga kwa uzi kwenye kalamu hiyo kisipotee. Hakuanza kuandika. Kwanza alihesabu visanduku kwa ncha ya kalamu, bila kugusa karatasi, midomo ikimchezacheza.

“Shikamoo, Mwalimu. Umepata ngapi?”

“Marahaba. Sijaandika. Hesabu kwanza, mwanangu. Anayekimbilia kuandika atafutafuta mpaka karatasi itoboke.”

Kuna neno moja lililomkalia vibaya. Lilikuwa la herufi sita. Maneno yaliyolikata kwa juu yalikuwa yamempa H ya pili, Y ya tatu na H ya tano. Palibaki mapengo matatu. Kidokezo chake nimekisahau, lakini sura ya ule mstari ninayo mpaka leo. Alitia A mwanzoni, akaitoa. Akatia O mwishoni, akaitoa. Akatia E katikati, akalitazama lile zimwi alilolizaa, akalifuta na kupuliza vumbi la kifutio. Sisi vijana tulimshauri ovyo, naye alimsikiliza kila mmoja, akakijaribu kila tulichosema kana kwamba hekima ingeweza kumtoka yeyote. Adhana ya magharibi ilipolia akaenda na gazeti kwapani. Akarudi nalo, akakaa nalo mpaka giza likaufuta mstari wenyewe.

Kesho yake asubuhi alimtuma mjukuu wake aniite. Alikuwa ameandika RHYTHM, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. “Halina irabu hata moja,” akaniambia. “Usiku kucha nalilazimisha liwe na kitu lisichokitaka.” Alilirudia neno lile kwa sauti, taratibu. Furaha yake haikuwa ya mshindi. Ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa kwamba lugha aliyoifundisha maisha yake yote bado ina chumba asichowahi kukiingia.

Watu wa pwani hatukuhitaji wageni watufundishe thamani ya neno lenye kipimo. Mtunzi wa shairi letu hutafuta neno la mizani kadhaa, tena liishie kwa kina alichojifunga nacho tangu mstari wa kwanza. Muyaka bin Haji, katika Mombasa hiyohiyo mwanzoni mwa karne ya 19, alifumba na kujibizana ndani ya mipaka hiyo. Neno zuri lisilotimiza mizani linaachwa, na mtunzi hutembea na pengo lake sokoni, msikitini na kitandani mpaka mwenyewe wa pengo aje. Nadhani ndiyo maana mwalimu yule hakuonekana kituko barazani, ingawa lugha aliyoikalia ilikuwa ya mbali. Wazee waliomzunguka waliijua ile hali.

Fumbo la maneno lenyewe si la kale. Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyehamia Marekani, alilichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Gazeti la Times la London lilijizuia mpaka Februari 1930, na la kwanza likatungwa na Adrian Bell, mkulima wa Suffolk, aliyeendelea kutunga maelfu mengine. Mwaka 1942, katikati ya vita, gazeti la Daily Telegraph liliwashindanisha wasomaji kulimaliza fumbo kwa dakika 12, na baadhi ya waliofaulu wakaitwa kwa siri Bletchley Park kusaidia kuvunja misimbo ya adui. Serikali iliyokuwa hatarini ilitambua kwamba anayeweza kukaa na herufi pungufu bila kuhamaki ana kipaji kinachohitajika.

Watunzi nao walikuwa na adabu yao. Gridi ya Kiingereza ina ulinganifu: ligeuze gazeti juu chini, visanduku vyeusi vitabaki palepale. Hakuna anayelazimika kuliona hilo, lakini fundi alilitimiza. Alikuwepo mtunzi mmoja, kasisi na mwalimu mkuu, aliyejiita Afrit, afriti yuleyule wa hadithi zetu, huku jina hilo likiwa limechotwa pia katika jina lake mwenyewe, A. F. Ritchie. Huyo alishikilia sheria ambayo mafundi wa Uingereza wanaiheshimu hadi leo: kidokezo kinaweza kukupoteza njia, lakini kila neno lililomo lazima liwe la kweli likisomwa inavyotakiwa. Mtunzi anaruhusiwa kukuficha, haruhusiwi kukudanganya. Natamani wanaotuandikia habari na matangazo siku hizi wangejifunga na nusu ya sheria hiyo.

Leo unaandika herufi ulizonazo, unaweka alama ya kuuliza mahali pa zile usizonazo, na programu inakumwagia orodha ya maneno yote yenye urefu ule. Usiku mzima wa mwalimu ungeisha kabla hajachonga kalamu. Watu wanajaza visanduku vyote, wanapiga picha, wanaituma. Ni sawa na kununua samaki sokoni ukasimulia ulivyovua. Hata watunzi wengine huiachia mashine ijaze gridi, na utaona katika kona neno ambalo hakuna aliyelipenda, limewekwa kwa sababu linatosha tu.

Naambiwa wazee nao walikuwa na kamusi. Walikuwa nazo, na kamusi ya Chambers ilichakaa mikononi mwao. Lakini aliyefungua kamusi kutafuta neno moja alipita katikati ya mamia, akasimama kwa hili, akacheka na lile, akarudi na matatu ambayo hakuyaendea. Orodha ya mashine inakupa ulichoomba, inakufukuza.

Mwaka 2021 Josh Wardle alipouachia ulimwengu mchezo wake wa Wordle, neno moja tu kwa siku, herufi tano, majaribio sita, nilipata matumaini. Nilidhani watu wamekumbuka utamu wa kungoja. Januari 2022 gazeti la New York Times liliununua, na mamilioni wakawa wanaucheza. Muda si mrefu nikawaona vijana wenye akili nzuri wakitafuta jibu la siku hata kabla ya jaribio la kwanza, ili wasionekane wameshindwa. Kushindwa na neno hadi kesho, jambo ambalo mwalimu wetu alilibeba hadharani bila haya, kumekuwa aibu.

Mafumbo yataendelea kuchapishwa, na maneno ya herufi sita hayataisha. Ninaowalilia ni watu. Baraza zetu zina simu nyingi kuliko wazee, na atakayeuliza swali hujibiwa kabla hajamaliza kulitamka, kisha hukaa kimya kwa kuwa hapana cha kuzungumza. Zamani pengo moja la herufi tatu liliwaweka watu wazima na watoto pamoja jioni nzima, kila mmoja akijua asichokijua, wala hakuna aliyeondoka akiwa mdogo kwa hilo. Tumeyapata majibu yote, na uvumilivu ule tumeutupa wenyewe, bila kulazimishwa na mtu.